Tisa ya Duara la Baraka

Mambo yaliharibika Jumatano tarehe 12 Februari 1997, kabla ya saa sita mchana. Siku hiyo hakufa mtu, ndiyo maana hakuna anayeikumbuka ila mimi. Siku hiyo bwana Kalisti, mwenyekiti wa kamati ya machimbo yetu ya Mwabuyenze, aliingia kwenye banda la gemu la Mihir kudai ushuru, akamkuta mke wangu Lusia amesimama juu ya kreti ya soda anaandika kwa chaki mlangoni. Akasimama. Akasoma. Akapenda alichokisoma.

Angekuwa kipofu siku ile, mimi leo ningekuwa na mke.

Mwabuyenze ipo mbele ya Rwamgasa, unaacha barabara unaingia porini. Dhahabu ilipolipuka pale tulikuja kila mtu na koleo lake. Mimi naitwa Bujiku, ila pale wote walinijua kama Baba Justa. Shule niliishia darasa la tatu, baba mdogo akanitoa nikachunge ng'ombe zake. Lusia alimaliza la saba. Mtoto wetu Justa tulimwacha kwa bibi yake Masumbwe, kwa sababu machimbo si mahali pa kulea mtoto wa kike, tukasema tukae mwaka mmoja tu, tupate bati za nyumba, turudi. Kila aliyekuwa pale alikuwa na mwaka wake mmoja.

Mimi nilichimba. Lusia aliuza chai na maandazi mlangoni kwa Mihir.

Huyu Mihir ni mtoto wa mzee Velji, mwenye duka la vitambaa na vifaa vya ujenzi Geita mjini. Alizaliwa Shinyanga, Kisukuma anakijua. Ukimwambia mwangaluka anakujibu mpaka anakuuliza habari za ng'ombe. Duka la baba yake lilimchosha. Akaja kwetu na televisheni tatu, jenereta moja, na mashine tatu za gemu: moja Sega, moja Nintendo, na moja ya Kichina ambayo haikuwa na jina la kueleweka, tukaiita Mchina. Akasimamisha banda la mabati na turubai, akalitia mlango wa mbao wenye rangi ya kijani alioutoa dukani kwa mzee. Mlango ule ulikuwa wa maana kuliko banda lenyewe.

Mtu anatoka shimoni macho mekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Mihir anamwonyesha beseni. "Sabuni hiyo, kaka. Pedi zangu hazili tope." Anaosha mikono mpaka kwenye viwiko, anakaa kwenye benchi, anashika pedi, anacheza mpira na timu za Ulaya. Mwingine anapigana ngumi. Mwingine anaendesha gari ambalo hatalipanda maisha yake yote. Wale ambao hawakwenda kwa Mihir walikwenda kwenye gongo, kwa hiyo wenye wake walimshukuru Mihir.

Shida ilikuwa moja. Kaseti zilikuwa nyingi, mafuta ya jenereta machache, na kila mtu alitaka ya kwake iwekwe. Walitukanana, walisukumana, siku moja benchi lilivunjwa. Mihir akaja na majarida. Mjomba wake aliyeko Leicester alimtumia kila mara, majarida ya gemu tupu, picha mwanzo mwisho.

"Humu," Mihir akasema, "kuna watu kazi yao ni kucheza gemu na kuzipa alama. Tutaweka zile zenye alama kubwa, ugomvi kwisha."

Masele, kijana wa Mwakitolyo aliyechimba duara moja na mimi, yaani shimo moja la dhahabu, akauliza, "Kazi yao kucheza? Wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Wana dada zao hao watu? Nioe huko huko."

Lakini majarida yenyewe hayakuelewana. Moja lilitoa alama kwa mia. Jingine kwa kumi. Jingine lilichora nyota, nyota tano ndiyo mwisho wa sifa. Tena gemu hiyo hiyo moja ilisifiwa kwenye Sega ikapondwa kwenye Nintendo. Mihir alikuna kichwa siku nzima. Lusia alikuwa anachoma maandazi, akamsikia anavyohema.

"Lete hapa," akamwambia. "Debe na pishi vyote vinapima mpunga, Mihir. Unageuza tu."

Akageuza. Tisini kwa mia akaiandika tisa. Nyota nne kati ya tano akaiandika nane. Saba ya kumi ikabaki saba. Akajumlisha, akagawa kwa tatu, akapata nane, akapanda kwenye kreti ya soda akaandika mlangoni: Mpira, Sega, 8. Chini yake Magari, chini yake Ngumi, mpaka kaseti zote zikawa zimepangwa kuanzia ya juu hadi ya mwisho, mashine zote tatu pamoja. Watu wakasoma. Asiyejua kusoma akasomewa. Ugomvi ukaisha kwa wiki nzima.

Wiki ya pili Lusia mwenyewe ndiye aliyeuanzisha tena.

"Hawa wazungu," akasema, "wamecheza kwenye umeme usiokatika, wamekaa kwenye kochi. Wanajuaje gemu inavyokuwa hapa kwetu, jenereta likikohoa? Na nyie mna macho. Toeni alama zenu nizijumlishe humo."

Ndipo akaweka masharti yake. Kila atakayetoa alama, jina lake liandikwe mlangoni pembeni ya alama yake, watu walione. Na asiyecheza hahukumu. Ukitaka kuipa Ngumi mbili au kumi, kwanza ukae uicheze mpaka mwisho, Lusia akikuona.

Masele akaja kifua mbele. "Andika, shemeji. Mpira wa Mchina, kumi. Jana nimefunga mabao matano."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni. Ulikuwepo, ulinipigia makofi!"

"Nilimpigia makofi Mchina. Pedi yako ilikuwa haijachomekwa, Masele. Mashine ilikuwa inacheza yenyewe, wewe unabonyeza na kuruka ruka."

Banda lilicheka mpaka Mihir akalala juu ya meza. Tangu siku hiyo mtu akijisifu kwa jambo asilolifanya, tulimuuliza: pedi umechomeka?

Gemu aliyoipenda Lusia ilikuwa moja tu, tuliyoiita Matofali. Hakuna mtu ndani yake, hakuna bunduki. Matofali yanashuka toka juu, ya maumbo tofauti, unayageuza yanavyoshuka ili yakae yasiache tundu. Mstari ukijaa unatoweka. Ukiacha matundu, matofali yanapanda juu, yanapanda, mpaka yanakufunika. Vijana walisema ni gemu ya wazee, wakaipa nne, wakaipa tatu. Lusia aliipa tisa, akaandika jina lake pale pale: Mama Justa 9.

"Tisa ya nini?" nilimuuliza. "Si kupanga matofali tu?"

"Nikiona tundu linajaa, moyo unatulia," akanijibu.

Alicheza ameng'ata ncha ya ulimi pembeni ya mdomo. Hivyo ndivyo namwona mpaka leo nikifumba macho.

Sasa nirudi kwa Kalisti. Tarehe 12 Februari mimi nilikuwa pale pale bandani nakunywa chai, duara letu lilikuwa linasubiri miti. Lusia akamwamkia akiwa juu ya kreti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Justa. Umekuwa mwalimu?"

"Mwalimu wa wahuni, mwenyekiti."

"Hii nane ya nini?"

Lusia akamweleza yote, majarida, nyota, wachimbaji, kujumlisha na kugawa. Kalisti akasikiliza ameshika kiuno.

"Kwa hiyo mgeni akija, hata hajawahi kuziona hizi gemu, anasoma hapa anajua ipi nzuri?"

"Ndiyo."

"Bila kumuuliza mtu yeyote?"

"Akitaka kuuliza, majina haya hapa."

"Majina yanajaza mlango bure. Namba inatosha."

Akatoka amesahau hata ushuru aliokuja kuudai. Mihir alifurahi sana siku hiyo. Hatukujua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia watu walifukiwa kwenye machimbo ya jirani, na wakubwa wa Mwanza walikuwa wametuma salamu kwamba watakuja kuangalia usalama wa maduara. Kalisti hakuwa na cha kuwaonyesha. Maduara yalikuwa yale yale, mengine yana miti ya kushikilia kuta, mengine yana sala tu. Sasa akapata la kufanya. Angekusanya wajumbe watano wa kamati, kila mmoja atoe alama kwa kila duara, zijumlishwe zigawanywe, zipakwe rangi kwenye ubao mkubwa pale njiani. Mkubwa akishuka kwenye gari anasoma, anaandika, anapanda gari.

Akarudi bandani siku ile ile jioni. "Mama Justa, kazi hii unaiweza. Njoo utuandikie ubao."

"Wajumbe watashuka shimoni?"

"Wataangalia."

"Watashuka?"

"Mama Justa, nimekuja kukuomba uandike, sijaja kuhojiwa."

"Na majina yao nitayaandika pembeni?"

"Kamati ni kitu kimoja. Alama ya kamati ni ya kamati."

"Basi mtafute mwingine," Lusia akasema, akageukia mafuta yake ya maandazi. Kalisti akamchukua mwandika mabango wa Rwamgasa.

Siku ya wajumbe kuzunguka niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa wameoga, wamepiga pasi, kwa sababu walisikia huenda wageni wakatokea siku hiyo hiyo. Walipita kwetu wakachungulia. Kwetu miti tuliibadilisha kila ilipoanza kulia, ukiwa chini unasikia mti unavyolia, ni lugha ambayo hata ng'ombe angeielewa. Wakaenda Duara la Baraka. Mwenye duara lile alikuwa na mganga wake, na mganga alikuwa amepiga marufuku sabuni. Mchimbaji wa Baraka alioga maji matupu. Mtu mwenye harufu ya sabuni akishuka, dhahabu inakimbia. Hili kila mtu Mwabuyenze alilijua. Sasa wajumbe watano wamesimama mdomoni mwa shimo wananukia kama harusi. Mwenye duara akawaambia kwa heshima zote kwamba hawawezi kushuka, labda warudi siku nyingine bila kuoga. Wakaona ni sawa. Alikuwa amechinja mbuzi. Wakala.

Mimi niliwaona wakiwa juu. Kama kuna aliyeshuka nilipogeuza kichwa, na aseme.

Ubao uliposimamishwa, rangi nyeupe juu ya bluu, la kwanza kabisa lilikuwa Duara la Baraka, 9. Sisi tulipata 5. Masele alisimama mbele ya ubao akauangalia sana, akasema, "Hawa pedi hawajachomeka." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Ilikuwa bado ni kichekesho.

Kisha ikaja amri. Mama lishe wote, na wanawake wote wanaoponda mawe, wahamie Duara la Baraka, mahali penye alama ya juu, penye usalama, ili wageni wakija wakute mambo yamepangika. Atakayebaki kwingine biashara yake itavunjwa. Lusia akakataa siku ya kwanza. Siku ya pili vijana wa ulinzi wakaja wakabeba meza yake na jiko likiwa bado na moto.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi ananifunga kitambaa changu cha kichwa, akasema:

"Baba Justa, mimi sijashuka Baraka, na mwanamke hashushwi shimoni, kwa hiyo sihukumu. Siwezi kusema lile duara ni bovu. Lakini jana nimekaa mdomoni mwake kutwa, nikasikia kitu. Wewe ni mwanaume, unaingia mkutanoni. Nenda kaulize swali moja tu. Nani kashuka?"

"Watanicheka."

"Wacha wacheke. Uliza."

Nikaenda. Mkutano ulikuwa chini ya turubai la kamati, Kalisti mbele, Donatus jirani yangu pembeni yake, maana Donatus alikuwa mjumbe. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, samahani. Ile tisa ya Baraka. Naomba kujua nani alishuka."

"Bujiku, unajua wastani ni nini?"

"Sijui."

"Darasa la ngapi wewe?"

"La tatu."

Watu wakaangua kicheko. Kalisti akasubiri kiishe, akasema kwa sauti ya upole, ile wanayoitumia wakubwa wakitaka kukufuta. "Basi kaa, mzee wangu. Wastani ni hesabu. Ukishajumlisha na kugawa, alama inakuwa ya wote. Hakuna tena huyu kasema hivi na yule kasema vile. Hiyo ndiyo haki yenyewe."

Nikamwangalia Donatus. Alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Nilirudi nikamweleza Lusia. Aliniuliza, "Hawakusema?" Nikamwambia hawakusema. Akakunja kitenge chake, akaenda Baraka kuwasha jiko, ingekuwaje? Bati za nyumba zilikuwa bado. Mchana akipata nafasi alitoroka kwa Mihir, anacheza Matofali kidogo, anarudi. Mihir aliacha kumwambia anawe mikono. Alijua yake ni ya unga.

Wageni wa Mwanza walikuja mwezi wa tatu. Walisoma ubao. Mmoja alimpongeza Kalisti, akampiga bega, akasema huu ni mfano kwa machimbo mengine. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona pete yake. Hakuna kati yao aliyekwenda hata kuchungulia, na kwa nini aende? Namba ilitosha.

Mvua ya Aprili ilikuja kwa hasira. Ardhi ya kule ikilewa maji inakuwa kama uji. Asubuhi ile kulikuwa na jua safi baada ya mvua, watu wakasema leo Mungu ametukumbuka. Mimi nilikuwa kwetu navuta ndoo. Sikusikia kishindo. Nilichosikia ni kwamba mitwangio ya wanawake wanaoponda mawe ilikoma ghafla. Mlio ule haukuwahi kukoma tangu tufike Mwabuyenze. Ulikuwa kama moyo wa pale. Ulipokoma kila mtu aliinua kichwa.

Kuta za Baraka ziliachia chini, na mdomo wa shimo ukafuata, na kilichokuwa mdomoni kikafuata. Meza ya chai, mabenchi, watu waliokaa wanakunywa. Tulichimba kwa mikono. Masele alichimba mpaka kucha zikatoka, huku analia anaita shemeji, shemeji. Mihir alikuja anakimbia na shati lake jeupe, akaingia topeni. Birika la chai lilitoka zima, hata mfuniko wake haukupotea. Lusia alitoka jua likiwa limeshaanza kushuka. Nilimtambua kwa kitenge, uso sikuweza kuuangalia mpaka Mihir alipoupangusa kwa shati lake.

Hakukuwa na miti chini kule. Waliopona walisema. Hakukuwa na mti hata mmoja wa maana kule chini, kuta tupu, watu walishuka kwa kuamini mganga na ubao.

Tulimzika kwao Masumbwe. Kamati ilikuja nzima, na Kalisti akapewa nafasi ya kusema, kwa sababu mkubwa hata msibani lazima apewe nafasi. Akasema hii ni kazi ya Mungu, haina makosa. Nilikuwa nimemshika Justa mkono. Nilitaka kumwambia Mungu hakuwa mjumbe wa kamati, lakini mama mkwe wangu alinitazama, nikashika koleo.

Wakati wa matanga, watu wakiwa wameanza kupungua, Donatus akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Baba Justa. Nina neno linanikaba."

"Sema."

"Mimi Baraka niliipa tatu. Nakuapia kwa mama yangu. Niliandika tatu kwenye karatasi nikaikunja, nikampa katibu. Wengine ndio walioipandisha."

Nilimshukuru. Sikuwa na kitu kingine. Nilimwambia wabeja, akaondoka amejifuta macho, na mimi nikabaki na ile tatu kama mtu aliyepewa maji jangwani. Nikajua angalau kulikuwa na mtu mmoja aliyeona.

Baada ya muda nilirudi Mwabuyenze kuchukua vitu vyetu. Mama mmoja aitwaye Klara, mwenye hoteli, naye mjumbe, akaniita ndani akanikaribisha chakula. Hakula yeye. Akasema, "Shemeji, mimi ni mwanamke, siwezi kushuka, unajua. Niliona tu kwa juu sikupapenda. Nikawapa mbili. Mbili, shemeji! Wanaume wakanizidi nguvu." Akalia, nikambembeleza mimi niliyefiwa.

Mjumbe mwingine, Adam, nilikutana naye mnadani Rwamgasa. Alinikwepa, kisha akarudi mwenyewe. Yeye alitoa nne. Alinishika mkono muda mrefu. Katibu hakuja, alimtuma mtu aniambie kwamba yeye alitoa tatu na moyo wake ni safi. Na Kalisti mwenyewe, ambaye kwa sasa amepanda cheo na ana pikipiki ya serikali, alisimama mbele yangu barabarani pale Masumbwe bila kuzima injini.

"Baba Justa, najua unanichukia. Lakini ujue na mimi nilitoa nne. Nilizidiwa na wengi. Ndiyo demokrasia hiyo."

"Wengi wepi, mwenyekiti?"

Akatia gia.

Banda la Mihir lilikufa mwaka huo huo. Watu waliiogopa Mwabuyenze wakahamia kwingine, na yeye akarudi Shinyanga. Kabla hajaondoka alipita Masumbwe na pikapu ya baba yake. Nyuma alikuwa amelaza mlango wa kijani.

"Sijaufuta," akasema. "Nilipiga vanishi juu ya chaki, isifutike. Nisamehe, Baba Justa, vanishi imemeza nusu ya maandishi. Sikujua chaki inakunywa hivyo."

Tukaushusha wote wawili. Ndio mlango wa nyumba yangu sasa. Nyumba yenyewe ni ya nyasi, mlango una hadhi kuliko nyumba, kama ulivyokuwa kule. Vanishi kweli imemeza. Mpira hausomeki tena, Magari yamebaki herufi mbili, jina la Masele linaonekana kidogo ukiwa umesimama pembeni, jua la asubuhi likipiga. Lakini chini kabisa, pale mkono wake ulipokandamiza chaki, panasomeka vizuri: Matofali, Mama Justa 9. Ni tisa yake. Ukitaka kumuuliza kwa nini, jina lake lipo. Ila wa kuulizwa ndiye hayupo.

Justa sasa yuko darasa la nne, amenipita. Juzi alifundishwa wastani shuleni, akarudi nyumbani amefurahi, anataka kumgawia kila mtu. Alipanga kuku, akapanga siku za mvua, kila kitu ajumlishe agawanye. Nikamwambia, nikupe za kwangu?

"Nipe, baba."

Akachukua mkaa, akachuchumaa mlangoni, ubao wa chini ambao mama yake hakuufikia. Nikamtajia. Tatu ya Donatus. Mbili ya Klara. Nne ya Adam. Tatu ya katibu. Nne ya Kalisti. Aliziandika wima, akaweka jina mbele ya kila moja, mimi sikumwambia aweke. Akang'ata ncha ya ulimi pembeni ya mdomo. Ilibidi niangalie pembeni.

"Kumi na sita," akasema. "Gawa kwa tano. Inakuja tatu na kidogo, baba. Ni alama za nini?"

"Za shimo alilofia mama yako. Kila mmoja wao ameniapia kwamba hiyo ndiyo alama aliyotoa."

"Na kwenye ule ubao waliandika ngapi?"

"Tisa."

Akaiangalia hesabu yake. Akarudia toka mwanzo, polepole, kwa kidole. Ikaja ile ile. Akanigeukia, mkaa mkononi, na kuniuliza swali ambalo nimelipeleka kwa Kalisti, kwa katibu, ofisini Geita mara mbili, na bado natembea nalo:

"Sasa baba, hii tisa nani aliitoa?"